Kitabu na Majira Yake: Mazungumzo na Wasomaji

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi, wasomaji wenzangu wakubwa kwa wadogo, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kusoma mwaka mzima. Nimefurahi, maana hakuna swali ninaloulizwa kaunta ya maktaba mara nyingi kama hili: "Nisome nini?" Mtu anarudisha kitabu, anasimama kidogo, halafu anauliza. Nami kabla sijaenda rafuni humuuliza kwanza: una muda wa namna gani siku hizi? Simuulizi anapenda nini. Anachokipenda kwa kawaida anakijua mwenyewe na angeweza kukichukua bila mimi. Nataka kujua kama analala mapema au anakesha, kama watoto wako likizo, kama ana mitihani mbele yake, kama mvua imemfungia ndani au joto linamnyima usingizi. Akishanijibu hayo, kazi yangu inakuwa nyepesi.

Mkutubi mmoja wa India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba ambazo sisi wa kazi hii tunafundishwa hadi leo. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Ninaziheshimu zote, lakini kazi imenifundisha kuongeza neno la wakati kwenye ile ya pili na ya tatu. Msomaji yuleyule na kitabu kilekile huweza kukutana Februari wakashindwana, wakakutana tena Julai wakaelewana vizuri kabisa. Mtu aliyeshindwa Februari mara nyingi hukata shauri kwamba yeye si msomaji, na hilo ndilo linaloniuma na kunileta mbele yenu leo.

Basi tuupitie mwaka. Nawaomba radhi mapema kwamba miezi haitapata haki sawa. Ipo yenye mengi ya kusemwa na ipo ambayo maneno machache yanaitosha. Na wewe ambaye kwenu Julai ni joto na Januari ni baridi, pindua kalenda uendelee nasi. Ninafuata hali ya hewa na hali ya moyo, jina la mwezi halina uzito.

Januari watu huja na ahadi. "Mwaka huu nimeamua kusoma," mtu ananiambia, na mkononi ameshika kitabu kinene kuliko vyote alivyoviona. Naielewa nia yake. Lakini Januari kazi zimerudi kwa kasi, shule zimefunguliwa, na wengi wetu tumo katikati ya kiangazi, usiku joto halimwachii mtu akili ya kubeba wahusika thelathini na koo zao. Kitabu kile hurudi baada ya wiki kadhaa, alama ikiwa ukurasa wa arobaini.

Kwa Januari na Februari ushauri wangu ni kurasa kumi kwa siku. Zinaonekana chache, lakini kwa mwezi ni kurasa 300, na kwa mwaka ni 3,650. Riwaya ya kurasa 150 inaisha katika siku kumi na tano. Mtu aliyemaliza vitabu viwili Januari anaingia Februari akiwa na imani na nafsi yake, na imani hiyo ndiyo itakayombeba kwenye vitabu vizito vya baadaye.

Kitabu cha kurasa kumi kwa siku katika joto ni riwaya ya upelelezi. Mwanzieni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Mauaji yametokea, kila mtu anautazama mzimu kwa hofu, na Bwana Msa anawatazama watu. Baada yake zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na nyingine. Kiswahili chake ni kitamu kiasi kwamba hata ukishamjua muuaji unaweza kurudi kusoma mazungumzo peke yake. Anayetaka mbio zaidi amchukue Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo ya mwaka 1965, au Elvis Musiba, Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ambamo mpelelezi Willy Gamba hapati hata nafasi ya kukaa kitako.

Wapo wanaozidharau riwaya hizi, tena wengine ni walimu ninaowaheshimu sana. Kwa hili sikubaliani nao. Upelelezi humfundisha msomaji kukumbuka. Jambo dogo lililotajwa ukurasa wa kumi na mbili linadaiwa ukurasa wa mia na ishirini, na msomaji aliyelipita bila kuliangalia anajua kwamba alilipita. Vijana wengi nimewaona wakianza na Willy Gamba wakaishia kwa Shaaban Robert, na hakuna aliyewaburuta.

Asiyependa damu, kwa miezi hiyohiyo, nampa vitabu viwili vyembamba. Kimoja ni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa mwaka 1967, kisa cha wanyama waliomfukuza mwenye shamba kisha wakajikuta chini ya mabwana wapya. Cha pili ni Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegal: Ramatulaye amefiwa na mume, yumo edani, na anamwandikia rafiki yake Aissatou yote yaliyomkuta tangu mume yule alipooa mke wa pili. Vyote viwili ni vifupi, na vyote viwili vitakufuata miezi mingi baada ya kuvirudisha.

Machi ni mwezi usiotulia, joto halijaondoka na mvua haijafika. Huo naupa mashairi. Tarehe 21 Machi ni Siku ya Ushairi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999, lakini hata bila siku hiyo ningesema hivyo hivyo. Shairi linasomwa kwa dakika tatu na linakaa na mtu kutwa nzima. Anayesubiri gari, anayesubiri foleni isogee, anayesubiri mtoto alale, wote wana nafasi ya shairi moja.

Mwaka huu ningependa mjaribu kusoma diwani mbili kwa zamu, leo hii, kesho ile. Ya kwanza ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 kijana huyu wa Mombasa aliandika kijitabu alichokiita Kenya Twendapi?, na kwa ajili yake akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969. Kifungoni aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Tazameni vina na mizani yake. Mtu aliyenyimwa kila kitu, aliyeandika kwa kujificha, hakulegeza hata mshororo mmoja. Ya pili ni Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, na yeye akaviacha vina na mizani kwa makusudi. Ugomvi uliofuata kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulidumu miaka mingi na bado haujazimika kabisa. Ukizisoma diwani hizi mbili kwa zamu huhitaji mtu akueleze ugomvi ule ulihusu nini; sikio lako litakwambia. Ila lazima usome kwa sauti. Shairi la Kiswahili lililosomwa kimyakimya limesomwa nusu.

Nyumba yenye mama na binti, nawaongezea Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwachia binti yake wosia, beti zinazokaribia mia moja au kuzidi kidogo. Yamo mashauri kuhusu ndoa ambayo binti wa leo atayapinga, na ndiyo maana napenda yasomwe na wawili pamoja. Wacha wabishane. Nimewahi kuletewa mabishano hayo mpaka kaunta na nikayafurahia.

Sasa tufike masika, na hapa mniruhusu nikae.

Mvua ya masika humrudisha mtu nyumbani mapema na kumzuia asitoke. Jioni inakuwa ndefu. Kelele za nje zinamezwa na kelele moja ya mvua, ambayo haimsumbui msomaji. Huu ndio wakati wa kitabu kinene, kile ulichokiogopa Januari. Na kitabu kinene nilicho nacho kwa ajili ya masika, ambacho nimewapa watu wengi na nitaendelea kuwapa, ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza.

Kitereza alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Aliona maisha ya wazee wake yanasahauliwa na vijana, akaamua kuyaandika, na akayaandika kwa Kikerewe, lugha yake mwenyewe. Kazi hiyo aliimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji, maana nani angechapa kitabu kinene hivyo kwa lugha yenye wasemaji wachache? Miaka ikapita. Uzeeni akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na Kiswahili hicho kikachapishwa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kukamilika kwa kazi ya kwanza. Mwaka 1981 akafariki kabla nakala hazijamfikia mkononi. Nalisema jambo hili kila ninapokiazimisha kitabu chake, kwa sababu msomaji anayejua hivyo hukishika kwa namna nyingine.

Na hadithi yenyewe? Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao. Myombekere hamtafuti mke mwingine. Anafunga safari kwenda kumwomba mke wake arudi, anatozwa faini, anailipa, anarudi naye, na ndipo wanapoanza kutafuta dawa. Watoto wanapatikana, ndio Ntulanalwo na Bulihwali tunaowaona kwenye jina la kitabu, na tunawafuata mpaka utu uzima wao. Katikati ya hayo yote Kitereza anasimama kueleza jinsi mtumbwi unavyotengenezwa, mgonjwa anavyotibiwa, wageni wanavyopokewa, shamba linavyolimwa mvua inapoanza. Msomaji mwenye haraka atasema hadithi imesimama. Ndiyo maana sikitoi Januari. Wakati wa masika huna pa kwenda, na unagundua kwamba maelezo hayo ndiyo roho ya kitabu: mtu mmoja alikuwa anaokoa dunia nzima isipotee. Msikimalize kwa wiki. Kipeni Aprili na Mei zote. Muda wa kuazima ukiisha njooni muongezewe.

Kwa aliye na jioni chache zaidi, masika hayohayo, kuna Tufani, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Samuel Mushi mwaka 1969. Inaanza kwa dhoruba baharini, na kuisoma mvua ikipiga paa ni raha ambayo sina haja ya kuieleza sana. Mushi alikuwa ameshatafsiri Makbeth mwaka mmoja kabla. Tarehe 23 Aprili, ambayo ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani tangu mwaka 1995, ilichaguliwa kwa sababu ya Shakespeare na Cervantes, ambao vifo vyao vyote viwili vimeandikwa chini ya tarehe hiyo mwaka 1616.

Aprili ina siku ya watoto pia. Tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen mwaka 1805, imekuwa Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto tangu 1967. Kwa wazazi nina ombi moja: endeleeni kuwasomea watoto kwa sauti hata baada ya wao kujua kusoma. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa kwa sikio kitabu ambacho jicho lake halijakiweza bado. Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyotoka mwaka 1940, ni kitabu kimojawapo, na picha zake zinamwonyesha Elisi kama binti wa Kiafrika. Mzee wangu wa kazi alikuwa akisema watoto hawachoki kusikia hadithi, wazazi ndio wanaochoka kusoma. Basi pokezaneni.

Tunaingia Juni, Julai, Agosti. Kipupwe. Hewa ni kavu na ya baridi, asubuhi akili iko macho. Hii ndiyo miezi ya vitabu vigumu, na ugumu ninaousema hauhusiani na unene.

Chukua Kezilahabi, yuleyule wa Kichomi, naye ni mtoto wa Ukerewe kama Kitereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa riwaya mbili, Nagona na Mzingile. Hakuna kati ya hivyo kinachofika kurasa mia. Mtu huvichukua akidhani ni vya jioni moja, na siku ya pili anakuja kuniuliza kama kuna kurasa zilizochanika. Hazijachanika. Mwandishi ameondoa kamba ambazo riwaya za kawaida humpa msomaji ashikilie: nani, wapi, lini. Ushauri wangu ni huu. Soma mara ya kwanza moja kwa moja bila kusimama, bila kujiuliza fulani ni nani. Kaa siku mbili. Soma tena, safari hii na kalamu, ukiandika picha zinazojirudia. Mara ya pili utashangaa jinsi ulivyokwisha kuelewa mengi bila kujua. Kazi hiyo ifanyeni asubuhi, kabla simu haijaanza kuita.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza Novemba 2021 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2022. Wengi huja wiki hiyo wakitaka kitabu cha kuiheshimu siku, na mimi huwapa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951. Nchi inayoelea angani; kijana Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Utetezi wake ni kuwasimulia majaji habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema na wakatiwa gerezani kwa sababu ya mema hayo. Kitabu hiki kiliandikwa na mtu aliyekuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, na kilitoka wakati ukoloni bado umekaa. Tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, ndiyo, na mtihani ulituharibia wengi wetu. Kisomeni tena mkiwa watu wazima wenye ajira na wakubwa wa kazi. Mtamtambua Majivuno mara moja.

Anayetaka Shaaban Robert wa upole zaidi amchukue katika Utubora Mkulima, kisa cha karani anayeacha ajira ya mjini akaenda kulima. Hicho huwapendeza sana wanaokaribia kustaafu.

Hapa katikati ya mwaka niseme jambo nililoligusa mwanzo. Kitabu kikikushinda, kirudishe bila aibu. Ila kabla ya kukirudisha, andika mahali jina lake, mwezi, na ukurasa uliofika. Wengi wa wasomaji wangu wa siku nyingi wana vidaftari vya namna hii. Baada ya mwaka mmoja au miwili sura inajitokeza: huyu hushindwa na riwaya ndefu kila Februari na Oktoba, yule hawezi kusoma cha huzuni wakati wa mvua, mwingine husoma historia kwa hamu kila anapokuwa safarini. Ukishaijua sura yako, kitabu kilichokushinda ukijaribishe majira mengine. Kwa uzoefu wangu, vilivyorudiwa kwa namna hiyo vingi humalizwa. Visivyomalizwa hata mara ya pili, viachwe. Duniani kuna vitabu vingi.

Septemba ina siku mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni tarehe 8, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1966. Mkiwa na mzazi au jirani aliyejifunza kusoma ukubwani, tafadhali msimpe vitabu vya chekechea. Herufi ni mpya kwake, maisha si mapya. Mpeni visa vifupi vyenye akili ya mtu mzima. Hekaya za Abunuwasi zinafaa sana: kila kisa kinaisha kabla jicho halijachoka, na kila kimoja kina ujanja wa kumchekesha mtu aliyeona mengi.

Siku ya pili ni tarehe 30 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, na kwa ajili yake natenga mwezi mzima kwa vitabu vilivyokuja kwetu kutoka lugha nyingine. Julius Nyerere, akiwa rais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Clement Ndulute alitupa Shujaa Okonkwo mwaka 1973 kutoka kwa Chinua Achebe. Abdilatif Abdalla, mshairi wetu wa Machi, ndiye aliyetafsiri Wema Hawajazaliwa cha Ayi Kwei Armah wa Ghana.

Lakini Septemba kitabu changu cha kwanza ni Peponi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar, akaenda Uingereza akiwa kijana, na akaandika kwa Kiingereza. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, hakuna hata riwaya yake moja iliyokuwa rafuni kwetu kwa Kiswahili, na watu walikuja kuiulizia siku ileile. Ilinisikitisha kuwarudisha mikono mitupu. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaitoa tafsiri ya riwaya ambayo kwa Kiingereza ilikuwa imechapishwa tangu 1994. Mvulana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, anayemwita ami, na polepole anafahamu kwamba baba yake amemtoa rehani kwa deni. Halafu misafara kwenda bara, na Wajerumani wanakaribia. Ukikisoma kwa Kiswahili unasikia watu wale wakisema lugha waliyokuwa wakiisema tangu mwanzo kichwani mwa mwandishi.

Oktoba na Novemba nitapita upesi. Ni miezi ya mitihani na ya kufunga hesabu za kazi, na mvua za vuli zinakuja na kuondoka. Wanafunzi, someni vitabu vyenu vya mtihani, na usiku kabla ya kulala someni kurasa tatu za kitu kisichohusika kabisa na mtihani ili akili ipumue. Tamthilia fupi inafaa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, kuhusu Vita vya Majimaji, inamalizika kwa jioni mbili. Kijana aliyechoka na anayejiona amepotea nampa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996: Kongowea Mswahili anamtafuta baba yake, kutoka Tanga hadi Kitale, na matumaini hayamwishi.

Desemba watu wana safari na wana wageni. Kwa safari ndefu chukueni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin, msichana mdogo, ameozwa mume mkubwa asiyemtaka, katika Zanzibar ya miaka ya 1950 iliyojaa siasa, na hamtaiweka chini mpaka mfike. Kwa jioni za nyumba iliyojaa ndugu, Alfu Lela Ulela isomwe kwa sauti, kisa kimoja kila usiku, na anayesoma akatishe pale panapouma, kama Shahrazad mwenyewe, msimulizi wa visa hivyo.

Na kwa siku chache za mwisho, ambazo mtu huwa anautazama mwaka wake, someni maisha ya mtu mwingine. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni habari za mwanamke aliyetoka kijijini na sauti yake, akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, akafariki mwaka 1950 akijulikana pwani yote. Halafu Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ambamo Shaaban Robert anajieleza mwenyewe, pamoja na utenzi wa nasaha kwa watoto wake. Adam Shafi naye ameandika Mbali na Nyumbani, habari za safari ya ujana wake. Mimi husoma kimoja cha namna hii kila Desemba, na sijachoka.

Jambo la mwisho linahusu upatikanaji. Vingi nilivyovitaja leo ni vya miaka ya 1960 na 1970, na havipatikani madukani kirahisi. Baadhi tuna nakala moja tu, nayo imeshonwa upya. Msione haya kuviulizia. Kitabu kinachoulizwa na watu kumi kinaingia kwenye orodha ya ununuzi, na maktaba nyingi zikikiagiza kwa wakati mmoja, mchapishaji anapata sababu ya kukichapa tena. Kitabu kisichoulizwa na mtu huondolewa rafuni, hiyo ndiyo kanuni ya nafasi katika maktaba nyingi. Fomu za maombi ziko mezani pale mlangoni. Andikeni jina la kitabu, jina la mwandishi kama mnalikumbuka, na mwezi ambao mngependa kukisoma, ili tukitafute mapema. Asanteni sana, na sasa niko tayari kwa maswali.